Tone la Mate Katika Mwanga wa Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tambara. Nilikuwa nimevaa sketi mpya na viatu vya visigino, cheti changu cha fizikia kikiwa ndani ya bahasha kwapani, na Mkuu wa Idara hakutaka hata kukiona. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akanionyesha ndoo ya maji, kisha akasema, "Hiyo sweta toa. Sufi inamwaga nyuzi. Hapa tunasoma vumbi, kwa hivyo hatutaki vumbi. Anza na dari."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani ya kemikali katika chuo kimoja mjini Embu. Dirisha lake lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, na mlango ulikuwa umezibwa kwa vipande vya blanketi pembeni ili mwanga wa nje usipenye. Nilipanguza dari, kuta, meza, hata nyaya za stima. Nilipanguza nikilia kimoyomoyo, maana nyumbani Kanyakine nilikuwa nimeondoka kwa nderemo, msichana wa kwanza wa kijiji kwenda kufanya kazi ya sayansi. Jioni Mkuu wa Idara alirudi, akazima taa, akawasha tochi na kuielekeza hewani. Ndani ya mwale wa tochi vumbi lilikuwa bado linacheza ngoma. "Bado," akasema, akaenda zake. Kesho yake nilikuja na kandambili na leso kichwani, nikaanza tena na dari.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia katika kazi hii sasa, mkikuta vyumba vyenye hewa iliyochujwa na mashine zinazojipanga zenyewe. Nataka mjue ilivyokuwa. Na niseme mapema jambo moja ili msije mkadhani nasimulia ushindi mtupu: nilipofikia kustaafu nilikuwa nimepata karibu kila kitu ambacho mtu wa kazi yangu hutamani, isipokuwa baraka ya mwisho ya baba yangu. Kilichoizuia ni kazi yenyewe. Nitafika huko.

Tulichokuwa tukichunguza kinaitwa erosoli, yaani chembe ndogo sana za kitu kigumu au za maji zinazoelea hewani. Moshi wa jikoni ni erosoli. Ukungu unaoteremka kutoka mlimani asubuhi ni erosoli. Ukipiga chafya umetengeneza erosoli bila kupewa shahada yoyote. Shida ni kwamba chembe hizi ukizichota na kuziweka juu ya kioo ili uzitazame, tayari umezigusa, na chembe iliyoguswa si ile iliyokuwa ikielea. Tone hutandazika, vumbi hushikana. Anayetaka kujua tone hufanya nini likiwa hewani hana budi kulishika likiwa hewani, bila kulitia mkono.

Tulilishika kwa mwanga. Najua sura mnayotoa mnaposoma hapo, kwa sababu nimeiona kwa watu wengi. Lakini mwanga husukuma. Ukisimama juani huhisi kusukumwa kwa kuwa wewe ni mzito mno. Kitu kidogo kuliko punje ya unga huhisi. Leza, na yetu ilikuwa ya kijani, ni taa ambayo mwale wake hautawanyiki ovyo. Ukiupitisha katika lenzi unakusanyika mahali pamoja, na tone la maji linalopita karibu huvutwa hadi pale mwanga ulipo mkali zaidi. Ukiuelekeza mwale kutoka chini kwenda juu, unalibeba tone lisianguke. Basi tone linakaa hapo, ndani ya sanduku la kioo, haliendi juu wala chini. Huo ndio mtego wa mwanga.

Kumnasa mgeni mmoja kulihitaji moyo. Kulikuwa na nebulaiza, kile kifaa cha kugeuza maji kuwa ukungu ambacho watoto wenye pumu huwekewa hospitalini. Ukungu ulipulizwa ndani ya sanduku, na matone yakapita kwa maelfu mbele ya mwale yakienda zao. Ulikaa ukingoja moja likosee njia. Nasema mgeni kwa sababu ndivyo fundi wetu wa maabara, Njeru, alivyoyaita. Tone likinaswa alifunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango, na watu wote wa ghorofa ile walijua kwamba mgeni yuko ndani: mtu asibamize mlango, asiburute kiti, lori la kuni lisubiri kwanza huko nyuma. Stima ikipotea, na Embu siku hizo ilipotea kama mtoto aliyetumwa dukani, Njeru alitoka nje na uso wa msiba. "Madam, mgeni ameenda. Na hata hakukunywa chai." Baadaye aliunganisha betri za gari chini ya meza, tukawa na amani.

Mkuu wa Idara hakuwa mtu wa sifa. Siku nilipolinasa tone langu la kwanza, la maji ya chumvi, liking'aa kijani katikati ya giza kama tundu la sindano, alikuja akainama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Umejuaje si mavumbi?"

"Linapitisha mwanga, Prof."

"Umejuaje ni chumvi?"

"Mimi ndiye nimeiweka."

"Hiyo si jibu. Mtu anaweza kuweka kitu na kikawa kingine. Pima." Akatoka. Nilikasirika hadi nikashindwa kula chakula cha mchana, lakini nilipima, na tangu siku hiyo sijawahi kusema kitu ni kitu kwa sababu tu mimi ndiye niliyekiweka.

Nilipofika nyumbani likizo, nilimweleza baba. Baba yangu, M'Rutere, alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkavu, anayependa mzaha usiocheka. Alinisikiliza hadi mwisho. Tulizungumza Kimeru, nami nawatafsiria.

"Kwa hivyo unashika tone la maji kwa taa."

"Ndiyo, baba."

"Ukishalishika, linaliwa?"

"Hapana."

"Linauzwa?"

"Hapana. Naliangalia."

Akawageukia majirani waliokuwa kwenye baraza. "Mmesikia? Watoto wa wengine wanafuga ng'ombe. Wangu anafuga umande." Jina hilo lilinikwama. Hadi leo kuna watu wazima huko Kanyakine wanaoniita Mfuga-umande, na wengine hawajui hata lilianzia wapi.

Nilipomaliza shahada ya uzamivu nilipelekwa Gachoka, huko Mbeere, kwenye kituo kidogo cha utafiti wa mashamba makavu. Mbeere kuna vumbi, na vumbi lile jeusi na jekundu lilinifunza unyenyekevu. Tone la maji hupitisha mwanga; punje ya udongo huumeza, ikapata moto upande mmoja, na hewa iliyo upande ule wa moto ikaipiga teke. Badala ya kutulia kwenye mwale, inaruka kama panzi. Mkuu wa kituo, afisa wa kilimo wa zamani mwenye tumbo na huruma, alikuwa akisimama mlangoni akinitazama nikihangaika. "Daktari," akasema siku moja, "hapa kwetu vumbi halitegwi. Linafagiliwa." Lakini ndiye aliyenitafutia jenereta, na ndiye aliyewafukuza mbuzi waliokuja kulamba mabomba yangu.

Tena huko cheo changu kiliniletea wagonjwa. Habari zilienea kwamba kuna daktari mwanamke kituoni, na asubuhi moja nikamkuta bibi mmoja ameketi kwenye ngazi, anakohoa, amefungasha ndizi kwenye kikapu. Nilimweleza kwamba mimi ni daktari wa vumbi. Akaniambia, "Basi nimefika. Hii ni vumbi inaniua." Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Njiani nilimtazama akikohoa ndani ya shuka yake, na nikaanza kujiuliza juu ya matone yanayotoka kinywani mwa mtu: yanakwenda wapi, yanakaa hewani kiasi gani, yanageuka nini. Niliporudi niliweka udongo kando. Kazi yangu yote iliyofuata ilitokana na safari ile ya zahanati.

Nikahamia Meru mjini, nikapewa chumba changu mwenyewe, na hapo nikakaa hadi mwisho. Njeru alikuwa amestaafu. Nilimpata mtafiti kijana, Dkt. Kawira, mwenye vidole vitulivu kuliko vyangu. Tulitega matone ya mate. Msikunje pua. Mate ni maji, chumvi na protini, yaani ule utelezi unaovutika. Tone dogo la mate likitoka kinywani hupoteza maji yake upesi mno, likawa kiini kikavu, chepesi, na kwa sababu ni chepesi hukaa hewani muda mrefu. Watu hudhani limekwisha. Halijaisha. Ukileta hewa yenye unyevu linanenepa tena. Naibu Mkuu wa Chuo alipotembelea maabara aliuliza swali ambalo wakubwa wote huuliza. "Profesa, hii kitu itasaidia mwananchi wa kawaida aje?" Nilimwambia mwananchi wa kawaida hupumua. Alicheka kwa adabu, na bajeti yangu ikabaki vilevile, lakini mkono mtupu haulambwi, kwa hivyo kila mwaka nilimpikia maelezo mapya.

Halafu ukaja ule mwaka wa barakoa. Mwananchi wa kawaida akataka kujua kila kitu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo msomaji asiye wa kwetu hana budi kulijua. Mzazi wa kwetu akimbariki mtoto humtemea mate. Si mate mengi, wala si dharau. Ni mnyunyizo mwembamba kutoka midomoni, juu ya kifua na viganja, pamoja na maneno. Makanisa yamekuja na hili halijaondoka. Wazee wengi hufanya yote mawili na hawaoni ugomvi. Baba alinitemea nilipokwenda shule ya bweni, nilipoolewa, na kila nilipohamishwa kazi. Na nyumbani kwetu kulikuwa na desturi kwamba aliyekutuma shambani ndiye anayekupokea jembe. Ukimaliza kazi uliyotumwa, unarudi kwa mzazi, anakutemea, na kazi imefungwa. Asiyepokelewa, husema wazee, hubaki na kazi mwilini. Haipumziki.

Mimi ndiye niliyekwenda kwenye redio ya Kimeru na kusema wazee waache kutema. Nilialikwa kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine hapa kwetu aliyekuwa ameyatazama matone yale moja moja, yakiwa hewani, kwa miaka. Nilieleza yote. Mzee mmoja akapiga simu, sauti ikitetemeka kwa hasira. "Wewe mwari," yaani binti, "wewe si ni wa hapa? Mwacha mila ni mtumwa."

"Mzee," nikamjibu, "hatuachi. Tunaipumzisha. Ugonjwa ukienda, mtatema hadi koo zikauke."

Walicheka studioni. Lakini watu walitii, na walitii zaidi upande wa kwetu, kwa sababu walimjua baba. Nilikuwa na haki ya kusema nilichosema, na ningekisema tena kesho. Sijawahi kulijutia neno lolote la siku ile.

Ila mwaka uleule ndio niliopangiwa kustaafu.

Nilikwenda Kanyakine nikaketi upande mmoja wa ua, baba upande mwingine, migomba ikivuma nyuma yangu. Alikuwa amekula chumvi nyingi, zaidi ya miaka tisini, lakini kofia yake bado ilikaa wima.

"Baba, mwaka huu namaliza kazi."

"Nimesikia."

"Nataka unipokee."

Nilikuwa nimejitayarisha. Nikamwambia kwamba nje pana upepo, kwamba nikivaa barakoa vizuri na yeye akitema upepo ukitoka kwangu kwenda pembeni, hatari ni ndogo mno, kwake na kwangu. "Nimelipima jambo hili," nikamwambia. "Hakuna mtu amelipima kuliko mimi."

"Najua umelipima," akasema. "M'Ikiara hana mtoto wa kumpimia."

M'Ikiara alikuwa jirani yetu na rika la baba, walitahiriwa pamoja. Mwanawe wa mwisho alikuwa amepata kazi Uarabuni mwezi uliotangulia.

"Kijana alikuja kuaga," baba akaendelea. "Akavua shati, akasimama mbele ya baba yake. M'Ikiara akaweka mikono magotini, akafunga mdomo. Gari likaja likamchukua. Nilikuwa hapo. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, 'Ni mwari wako amesema.' Sasa leo nikutemee wewe hapa, kwa sababu wewe una mashine. Kesho nikikutana naye nitamsalimia na mdomo gani?"

Nimebishana na maprofesa wa nchi nyingi, na nimewashinda wengi wao. Baba sikumshinda. Nilitaka baraka ile kuliko nilivyowahi kutaka cheo chochote, na nilijua baba ana haki, na vyote viwili viliniuma kwa pamoja.

"Ngoja hii kitu iishe," akasema. "Mimi sina haraka."

Miezi michache baadaye tulianza utafiti wa mwisho wa kazi yangu. Tulitaka kulinganisha mate ya vijana na ya wazee, kwa sababu mate ya mzee ni mazito zaidi na hukauka kwa namna yake. Waliojitolea walitoa sampuli kwenye baraza za zahanati, mmoja mmoja, ndani ya chupa ndogo. Wazee wa Kanyakine walikuja karibu wote. M'Ikiara alikuja. Baba alikuja na koti la kanisani. Nilisimama mbali, chini kabisa kwenye lango, nikitazama.

Muuguzi alimpa chupa. Baba akaishika, akasimama, akavua kofia, akageuka akauelekea mlima, kama wazee wetu waombavyo. Kisha akaanza kusema na chupa. Nilisikia kwa sababu hakuwa mtu wa kunong'ona. Alisema mikono iliyofanya kazi ipumzike bila kuuma. Alisema waliofunzwa wamkumbuke aliyewafunza. Alisema njia ya kurudi nyumbani iwe tambarare. "Murungu akutharime," akamalizia, Mungu akubariki, akatema.

Muuguzi, msichana wa Kianjai aliyekuwa na foleni ndefu, akamwambia, "Mzee, sisi tunataka mate peke yake. Hatukuitisha maombi."

"Kwani hizo vitu mbili hutoka mlango tofauti?" baba akamuuliza.

Alipopita langoni alisimama mbali nami kama nilivyowafundisha watu kusimama. "Hiyo si kutemea," akasema. "Hiyo ni ya hospitali. Hata M'Ikiara ametoa." Akavaa kofia yake. "Lakini nilichosema, nimesema." Akaenda nyumbani polepole, kwa miguu, hakutaka gari langu.

Alifariki wakati wa kuchuma kahawa. Haukuwa ugonjwa ule. Alilala tu mchana baada ya uji na hakuamka. Barakoa zilikuwa bado nyusoni. Tulimzika tukiwa wachache, na M'Ikiara alisimama peke yake kwenye mstari wa kahawa, mikono ameiweka nyuma. Nililia kama mtoto, na sehemu ya kilio kile, nasema wazi, ilikuwa ya mtu aliyenyimwa. Alikuwa amesema ningoje, nami nilingoja.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Wiki za kwanza niliamka alfajiri nikitafuta kofia ya maabara. Sasa nina kahawa ya baba, na ninajifunza kwamba mti haufuati ratiba ya mtu. Kuhusu kazi yenyewe nina machache ya kuwaambia. Msione haya kupanguza dari. Mkuu akikuuliza umejuaje, usikasirike hadi ukose chakula. Kula kwanza, kisha upime. Watu wa nyumbani wakikutania, waache, maana anayekutania bado anakufikiria. Na mkija kupewa kipaza sauti, semeni mnalolijua hata kama litawagharimu, kwa sababu litawagharimu, na bili haitasomwa redioni.

Hayo ningeyasema katika hotuba ya kuagwa, lakini kulikuwa na keki na Naibu Mkuu wa Chuo alikuwa na mkutano mwingine.

Siku yenyewe ya mwisho nilikuwa na kazi iliyobaki. Sampuli zote za wazee zilikuwa zimepimwa isipokuwa moja, niliyokuwa nikiirudisha kwenye friza kila wiki. Nilikuwa nimemuuliza mwenyekiti wa kamati ya maadili kama niiache. Alinijibu kwenye simu, "Profesa, yeye alijitolea kama wengine. Ipime. Ilishathibitishwa haina ugonjwa. Baada ya kupima sampuli huharibiwa, na namna ya kuiharibu ni ya mtafiti."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Dkt. Kawira aliona chupa mkononi mwangu, akaona ninavyoishika.

"Prof, hiyo ni ya nani?"

"Ya baba."

Alikagua nebulaiza, akapunguza feni, akafunga kile kitambaa chekundu mlangoni kutoka nje, na sikumsikia tena.

Niliweka mate ya baba kwenye kifaa, nikapuliza. Ukungu ukapita ndani ya kijani, matone yakienda zao kama yalivyokwenda tangu nianze kazi hii. Kisha moja likakaa. Lilitikisika, likatulia. Nikalipima, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Lilikuwa maji, chumvi na protini, mate mazito kidogo kuliko ya vijana, kama tulivyotarajia. Likakauka likawa nukta. Nikaleta unyevu, likanenepa. Niliandika namba zote mahali pake. Sikuona kingine, na sikuwa nimetazamia kuona kingine. Mashine yangu hupima kinachopimika.

Kazi ilikuwa imekwisha. Desturi ilikuwa kuzima leza, tone likaanguka sakafuni mwa sanduku, ukapanguza kwa spiriti. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi, nikaona siwezi.

Nikafanya jambo ambalo nimewafukuza wanafunzi maabara kwa kulifanya. Nilipunguza nguvu ya mwanga hadi tone likaanza kutetemeka, nikafungua kilango cha sanduku, nikaingiza mkono ndani ya mwale. Kiganja changu kikawaka kijani. Hapo juu yake, mwanga ukiwa umezibwa na mkono wangu mwenyewe, hapakuwa na kitu tena cha kulishikilia lile tone.

Tone la ukubwa huo huanguka polepole, na pumzi ya mtu yatosha kulipeperusha. Nilizuia pumzi. Sikuhisi kitu. Ngozi haiwezi kuhisi kitu kidogo kiasi hicho, na kama lilifika au lilipotelea pembeni, hakuna awezaye kusema, kwa sababu sikupima. Nikafungua vifungo vya koti, nikaweka kiganja kifuani, nikakibana hapo hadi nikahisi moyo unagonga.

Kisha nikamwita Kawira aingie.